Kamera ya Nyuma ya Goli

Chuoni walimwita Bi Swichi. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa kwanza aliowafundisha kazi ya televisheni, kwa sababu mkono wake haukutulia mezani: kamera ya kwanza, kamera ya tatu, rudi ya kwanza, bonyeza, achia. Yeye ndiye aliyeongoza matangazo ya michezo yote ya chuo. Mumewe alikuwa kocha wa timu ya soka ya wanawake, na mdogo wa mumewe, Kasuku, ndiye aliyetangaza mechi, sauti yake ikienda redioni na kwenye televisheni kwa pamoja. Watu walitania kwamba nyumba ile ikishikwa na mafua, chuo kizima hakitajua nani kafunga goli.

Jumatatu ya wiki ya fainali, Bi Swichi alikuwa kwenye chumba cha kuhariri akitengeneza filamu fupi ya kuonyeshwa kabla ya mechi. Mumewe alikuja kuchungulia, akasimama nyuma ya kiti na kikombe chake cha chai. Kasuku alikuwa amekalia meza, miguu inaning'inia kama mtoto. Kwenye skrini yalikuwa mazoezi ya asubuhi ile. Golikipa wao, binti mrefu wa mwaka wa pili aliyeitwa na kila mtu Komeo, aliruka kuufuata mpira wa pembeni, akaupangua, na kichwa chake kikakutana na mlingoti wa goli. Mlio haukusikika, kamera ilikuwa mbali. Akalala. Wenzake wakamzunguka. Alipoinuka alijipangusa magoti, akaokota glovu moja, akaanza kutembea taratibu kuelekea goli la upande wa pili.

"Huyo kahama timu!" Kasuku akaangua kicheko. "Kaka, umemlipia uhamisho?"

Kocha alicheka. Bi Swichi naye alicheka. Kisha akairudisha picha nyuma, akaitazama tena, na safari hii hakucheka. Kuna kitu katika ule mwendo kilimkaa vibaya. Mtu aliyepotea huangaza macho huku na huku. Komeo alitembea kama anayejua vizuri aendako.

"Hicho kipande kitoe," Kocha alisema.

"Daktari kamwona?"

"Kagongwa kidogo tu, mama. Kapewa vidonge, kapumzika kivulini, sasa hivi yuko bwenini anapiga soga na wenzake. Kitoe, tusiwape wapinzani cha kushangilia."

Akakitoa. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara mbili. Filamu ikatoka nzuri, Komeo akiruka na kudaka, akiruka na kudaka, kama kwamba maisha yake yote hajawahi kuanguka.

Siku mbili baadaye Kasuku alimwalika Komeo kwenye kipindi chake cha redio. Studio ya redio ilikuwa chumba kidogo kilichozibwa kuta kwa sponji, na kati yake na chumba cha mitambo palikuwa na dirisha la kioo. Bi Swichi alikuwa upande wa mitambo, amekuja kuchukua waya, akabaki kusikiliza.

"Komeo," Kasuku alisema, "washambuliaji wanasema wakikuona golini wanasahau hata majina yao. Siri ni nini?"

"Siri ni baba yangu," Komeo akajibu. "Nikiwa mdogo alikuwa ananirushia mito ya makochi karakana kwake. Mto ukianguka, naosha vyombo mimi."

Kasuku akavunjika mbavu. Muda huohuo simu ya studio ikaita, na aliyekuwa kwenye laini alikuwa baba mwenyewe.

"Mtangazaji, mimi ni fundi makochi, baba yake huyo," sauti ilisema, na nyuma yake nyundo ya mtu mwingine ilikuwa inagonga. "Huyo bwana anayemfundisha ni kocha, mimi ni mtu wa kochi. Herufi moja tu, lakini mwambie mtoto wangu amekalia makochi yangu zaidi."

Studio nzima ilicheka. Fundi akasema Jumamosi hatakuja uwanjani, ana kazi ya kumalizia, lakini redio itakuwa mezani na sauti juu kabisa. Akamtakia mwanawe heri, akakata.

"Haya, Komeo, turudi kwenye siri," Kasuku alisema.

"Siri ni baba yangu," Komeo akasema. "Nikiwa mdogo alikuwa ananirushia mito ya makochi karakana kwake. Mto ukianguka, naosha vyombo mimi."

Alisema vilevile, neno kwa neno, kwa tabasamu lilelile. Kasuku alidhani ni utani, akacheka tena. Bi Swichi hakucheka. Alimwona yule binti, mara tu taa nyekundu ya hewani ilipozimika, akiinamisha kichwa na kukinga macho kwa kiganja, kisha akiomba taa ya dari izimwe.

Jioni ile alimwambia mumewe mezani.

"Yule mtoto hayuko sawa. Kasema jambo moja mara mbili kama kanda iliyorudishwa. Na mwanga unamuumiza."

Kocha aliendelea kula. "Ana wasiwasi wa fainali. Wote wako hivyo. Mmoja jana kavaa viatu vyote vya mguu wa kushoto."

"Mpumzishe. Si una golikipa wa akiba?"

"Wa akiba hajawahi kudaka mechi kubwa hata moja. Mama, ningekuambia wewe kamera ipi uiweke wapi?"

Hakusema kwa ubaya, na huenda ndiyo sababu ikamwingia zaidi. Bi Swichi akaondoa sahani.

Jumamosi mchana gari la matangazo lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jukwaa kuu. Ndani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, giza kidogo, na ukuta wa skrini. Bi Swichi alikaa katikati, hedifoni kichwani, na masikioni mwake zilikuwa sauti za wapiga picha wote watatu na ya Kasuku aliyekuwa juu kwenye kibanda cha watangazaji. Mwaka ule chuo kilikuwa kimefunga skrini kubwa uwanjani, juu ya jukwaa la upande wa pili, na kila picha aliyoichagua yeye garini ndiyo iliyoonekana pale juu, mbele ya umati wote. Tena siku hiyo kituo cha taifa kilikuwa kinachukua matangazo yao moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo Mkurugenzi wa michezo wa chuo alikuwa ameamua kusimama garini, nyuma ya kiti chake, mtu nadhifu mwenye suti na manukato makali.

"Leo nchi nzima inatutazama," alisema. "Nataka mashabiki, bendera, magoli. Mambo ya watu kugaagaa chini, hapana. Hii ni sura ya chuo."

"Mpira ndio unaoniamulia, mzee," Bi Swichi akajibu.

"Leo ninaamua mimi."

Kipindi cha kwanza kilikwenda vizuri mno, na mapema kipindi cha pili wakapata goli. Gari likatikisika kwa kelele za jukwaa lililokuwa juu yao. Kasuku aliimba jina la mfungaji mpaka sauti ikakwama. Wapinzani wakaja juu. Kona baada ya kona. Kwenye mojawapo, Komeo alitoka golini, akapaa katikati ya watu, na goti la mshambuliaji likampata juu ya sikio. Akaanguka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba.

Bi Swichi aliona vizuri kabisa. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha marudio.

"Acha," Mkurugenzi akasema.

"Lazima turudie, refa hajaona..."

"Nimesema acha. Onyesha mashabiki."

Akaonyesha mashabiki. Bendera, nyuso zilizopakwa rangi, mtu anayepiga filimbi. Sikioni Kasuku alikuwa anasema, "Golikipa yuko chini, ndugu msikilizaji... watu wa huduma ya kwanza wanaingia... anakaa... anainuka! Ameinuka! Komeo ni komeo! Yuko sawa, ndugu msikilizaji, yuko sawa kabisa!"

Mpira ukaendelea. Ukaenda mbali, goli la upande wa pili, na macho ya kila mtu yakaufuata. Hapo ndipo Twiga, mpiga picha mrefu aliyekaa na kamera ya pili nyuma ya goli la Komeo, aliposema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaogopa kusikika:

"Bi Swichi. Njoo kwangu. Usinirushe hewani, nitazame tu."

Akageuza macho kwenye skrini ya kamera ya pili. Twiga alikuwa amevuta picha mpaka uso na mabega ya Komeo yamejaa. Alikuwa amegeuka kidogo, mkono mmoja unapapasa hewani ukiutafuta mlingoti uliokuwa karibu naye kabisa. Ukaukosa. Ukapapasa tena. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Anaongea na nani?" Bi Swichi akauliza.

"Na mtu asiyekuwepo. Tangu ainuke. Angalia jicho, mama. La kushoto."

Aliangalia. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa ndogo, ya kawaida kwa jua lile. Ya kushoto ilikuwa imefunguka, nyeusi, pana, kama tundu.

Alitoa simu, akampigia mumewe. Kwenye skrini ya kamera ya tatu benchi lao lilikuwa linaonekana. Akamwona Kocha akiguswa na mtetemo mfukoni, akiitoa simu, akilisoma jina. Akamwona akiirudisha mfukoni na kupaza sauti kwa mabeki wake.

Akapiga tena. Safari hii Kocha hakuitoa hata mfukoni.

"Kuna nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Yule mtoto anakufa," Bi Swichi akasema. "Tazama mwenyewe."

Mkurugenzi aliinama akatazama. Alitazama vya kutosha kuona. Baadaye hakuna aliyeweza kusema hakuona. Alipoinuka alivuta tai yake kidogo.

"Mimi si daktari, na wewe si daktari," alisema. "Mpira umekaribia kwisha. Wataalamu wako pale chini. Hiyo picha isitoke humu ndani."

Bi Swichi alifikiria kushuka garini na kukimbia, lakini kutoka pale mpaka uwanjani palikuwa na geti, walinzi, ngazi. Akafikiria kumwambia Twiga aache kamera aingie uwanjani. Wangemtoa kama kichaa na mpira ungeendelea. Hayo yalimpita kichwani kwa muda wa kumeza mate. Kisha mkono wake, ambao miaka yote watu waliusifia wepesi, ukanyooka polepole na kubonyeza kamera ya pili.

Uso wa Komeo ukapanda juu ya uwanja, mkubwa kama nyumba.

Kelele zilikatika kipande kwa kipande, jukwaa moja baada ya jingine, mpaka ndani ya gari ikasikika feni ya mitambo. Mkurugenzi alirusha mkono kuelekea mezani. Bi Swichi akalala juu ya vitufe kwa kifua na mikono yote miwili.

"Nitakufukuza kazi! Ondoka hapo!"

"Nifukuze. Lakini sitoki."

Sikioni Kasuku alikuwa amenyamaza, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea akiwa hewani. Kisha akanong'ona, amefunika kipaza sauti, "Shemeji, nini hiki? Niseme nini?"

"Sema unachokiona."

"Shemeji..."

"Una macho. Sema unachokiona, kwa mara moja tu maishani mwako!"

Akasikia Kasuku akivuta pumzi. "Ndugu msikilizaji," alisema, na sauti haikuwa ile ya kazini, ilikuwa sauti yake ya nyumbani, "golikipa wetu hayuko sawa. Jicho lake moja limekuwa... halifanani na jingine. Anashika hewa. Nilisema yuko sawa. Hayuko sawa. Refa, simamisha mpira. Tafadhali, mtu asimamishe mpira."

Refa hakumsikia, lakini alikuwa ameshainua kichwa kuitazama skrini. Akapiga filimbi. Wachezaji wakasimama. Komeo naye akainua kichwa, akauona uso wake mwenyewe kule juu. Kwa kitambo aliutazama kama unavyomtazama mtu unayemfahamu lakini jina limekutoka. Akainua mkono wa glovu, akaupungia. Kisha magoti yakamwacha.

Gari la wagonjwa liliingia hadi ndani ya uwanja. Mpira ulimaliziwa baadaye bila yeye, na wapinzani wakafunga mara mbili, lakini Bi Swichi hakuona hata moja. Alikuwa ameacha hedifoni mezani na kuondoka.

Hospitalini waliwekwa kwenye korido yenye mabenchi ya mbao. Kocha alikuja na nguo zake za uwanjani, akakaa benchi la mbali. Mkewe hakumfuata, wala yeye hakumwita. Kasuku alisimama ukutani. Ndipo akaingia mtu mfupi, mpana wa mabega, vumbi la sponji limejaa kwenye nywele, vipande vya nyuzi vimenata kwenye shati. Hakuhitaji kujitambulisha, ile sauti yake iliposalimia, wote waliitambua kutoka redioni.

Alimwendea Kasuku moja kwa moja.

"Wewe ndiye mtangazaji?"

"Ndiyo, mzee."

"Redio ilisema yuko sawa."

Kasuku alibanduka ukutani.

"Nilirudi kwenye kazi," fundi akaendelea, bila kupaza sauti. "Umesema yuko sawa, nikasema alhamdulillahi, nikachukua nyundo. Nilikuwa napiga misumari wakati ule."

Daktari alitoka, amechoka, kofia mkononi. Akasema damu ilikuwa imekusanyika chini ya fuvu, wameitoa, binti yuko hai, na ni mapema mno kusema zaidi ya hapo. Kisha akakunja uso.

"Kuna kitu nataka kukielewa. Damu ilikuwa ya aina mbili. Ya leo, na nyingine ya zamani kidogo. Alishagongwa kabla ya leo. Lini?"

Bi Swichi alimtazama mumewe. Kocha alikuwa anatazama sakafu. Akamsubiri. Alimpa muda wa kutosha, muda ambao mtu yeyote angeweza kuinua kichwa na kusema neno moja.

"Jumatatu," Bi Swichi akasema. "Aligonga mlingoti mazoezini. Niliona mwenyewe."

Fundi makochi aligeuka, akamtazama yeye, kisha akamtazama Kocha, kisha akarudi kwa daktari kuuliza kama anaweza kumwona mwanawe.

Chuo kilimwambia Bi Swichi apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa. Hakuitwa. Kasuku aliacha kutangaza mpira, akahamia kusoma hali ya hewa, na watu wakasema hata mvua anaitangaza kama msiba. Kocha aliendelea na kazi. Hilo ndilo lililokuwa zito kuliko yote pale nyumbani: hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemuuliza. Asubuhi alivaa filimbi yake shingoni akaenda, jioni akarudi, akala, akalala ameupa ukuta uso. Mkewe alimpikia na kumjibu alipoulizwa. Zaidi ya hapo hawakuwa na la kuambiana.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Kocha alivaa shati la kawaida, akasimama mlangoni.

"Nipeleke kwao," alisema. "Peke yangu sitafika. Nilishajaribu, nikaishia njiani."

Walikwenda kwa miguu. Karakana ya fundi makochi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya gundi na mbao mbichi, makochi yasiyo na nguo yamesimama huku na huku, springi zao nje. Fundi alikuwa amepiga magoti akivuta kitambaa juu ya kiti. Komeo alikuwa amekaa kwenye kochi lililokamilika, kitambaa kichwani, nywele zikianza kuota juu ya kovu.

Aliinuka alipowaona, polepole, mkono mmoja umeshika egemeo. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Karibuni."

Waliitikia, wakaketi. Fundi hakuacha kazi yake. Kocha alikaa kitambo anasugua viganja, kisha akasema kwa mkupuo, kama mtu anayetema kitu:

"Mzee, nilimwona akigonga Jumatatu ile. Niliona alivyotembea. Nilijua. Mke wangu aliniambia, nikampuuza. Siku ya mechi akanipigia simu, nikaona jina lake, nikairudisha mfukoni."

Nyundo ikasimama.

"Hayo nilishayajua," fundi alisema. "Siku ile daktari alipouliza, mimi nilikuwa nakutazama wewe."

"Nimekuja kuyasema kwa mdomo wangu."

"Basi umeyasema." Fundi akachukua msumari kutoka kwenye midomo yake, akaupiga, akachukua mwingine.

Komeo alikuwa anamtazama Kocha kwa makini, uso umechangamka. "Tulishinda?" akauliza.

Kocha akamtazama mkewe, kisha binti. "Hapana. Tulifungwa. Lakini wewe hukufungwa hata moja."

"Ah," Komeo akasema, akatabasamu, akaegemea kochi.

Walikaa kidogo zaidi. Fundi alivuta kitambaa, akapiga misumari. Kocha alipoinuka, mkewe naye akainuka. Walikuwa wamefika mlangoni Komeo alipogeuza kichwa, akawaona, na macho yake yakajaa furaha. Akainuka polepole, mkono mmoja umeshika egemeo.

"Shikamoo mama," alisema. "Shikamoo baba. Karibuni ndani, baba yupo."

Fundi makochi hakuinua kichwa. Nyundo yake ilikuwa imesimama hewani.

"Marahaba, mwanangu," Bi Swichi akaitikia.

Kocha, ambaye alikuwa ameshashika mlango, aliuachia. Akarudi, akaketi palepale alipokuwa.

"Tulishinda?" Komeo akauliza.